Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani, sasa hata daftari halifungui

Swali:

"Nina kijana wa miaka 15. Shule ya msingi alikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula, watu wakamwita 'profesa'. Akachaguliwa kuingia sekondari nzuri inayochukua watoto wa alama za juu tu. Mwaka wa kwanza akaanza kuteleza kwenye hisabati, sasa na fizikia na kemia pia. Hasomi. Anafungua kitabu usiku wa kuamkia mtihani, na matokeo yakija anasema 'si sikusoma', kana kwamba hilo ni jibu. Lakini huyo huyo alikuwa anaweza kukaa saa nne akihariri video kwenye simu bila kuambiwa na mtu. Nimemwahidi zawadi kubwa akipata alama nzuri, hakushtuka. Nimemnyang'anya simu, wiki ya sita sasa, nyumba imekuwa ya kununiana. Baba yake anasema samaki mkunje angali mbichi, apelekwe bweni akanyooshwe. Dada yake hakuwahi kunisumbua hivi. Je, ni uvivu? Nifanye nini ajitume? Na simu nimrudishie au nisimrudishie?"

Jibu:

Mama, pole kwa hizo wiki sita. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye maneno mawili uliyoyapita haraka: "si sikusoma". Wewe umeyasikia kama jeuri. Mimi nadhani katika yote aliyokuambia, hayo ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Nitayarudia, ila kwanza tuliondoe njiani lile neno ulilouliza, uvivu.

Mvivu hakai saa nne kwenye video. Kuhariri video ni kazi: kukata, kuunganisha, kusikiliza kama sauti imetangulia midomo, kufuta na kuanza upya mara ya kumi. Kijana anayefanya hayo ana subira, ana umakini, na anavumilia kukosea. Ari anayo. Tunachotakiwa kujua ni kwa nini inamtoka akifika kwenye hisabati.

Kuna methali ambayo kila kijana ameimbiwa mpaka ameichoka: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi wazazi na walimu huwa tunaikazia pale mwisho, kwenye kuinama, na tunasahau kwamba inaanza na mtaka. Mtu anainama kwa sababu kuna kitu anakitaka, anaamini kweli kipo mvunguni, na anaona mkono wake utakifikia. Kimoja kikikosekana unaweza kumlazimisha ainame, naye atainama, lakini atakuwa anaangalia sakafu tu. Wanasaikolojia Jacquelynne Eccles na Allan Wigfield wamelifanyia kazi wazo linalofanana na hili kwa miongo kadhaa: juhudi ya mwanafunzi inategemea thamani anayoiona kwenye kazi na matumaini yake kwamba ataiweza. Kijana anayeipenda fizikia lakini ameshajiambia hataiweza hatasoma. Anayeiweza lakini haoni inampeleka wapi, naye hatasoma. Kwa nje wote wawili wanafanana na wavivu.

Kwa mwanao, kwa jinsi ulivyoeleza, naona kilichoanza kushindikana ni mkono kufika.

Fuatilia njia aliyopita. Miaka yote ya shule ya msingi alikuwa juu, na huenda hakuhitaji kusoma sana ili awe juu. Kisha akaingia darasa ambalo kila aliyekaa hapo alikuwa wa kwanza kwao. Uwezo wake haukupungua hata kidogo, ila kipimo kilichomzunguka kilibadilika. Mtafiti Herbert Marsh alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980, na akaliita hali ya samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, aliye kwenye shule ya wenye alama za juu hujiona dhaifu kuliko mwenzake aliye kwenye shule ya kawaida. Limeonekana tena na tena katika nchi nyingi. Wazazi wengi hawalijui, kwa sababu siku mtoto anapochaguliwa shule nzuri tunashangilia, na hakuna anayemwambia kwamba kuwa wa ishirini na tano kati ya wa kwanza si kuporomoka.

Halafu kuna hisabati yenyewe, ambayo ni somo lisilosahau deni. Ukikosa sura moja ya historia unaweza kuielewa inayofuata. Lakini asiyeshika vizuri kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine atakwama kwenye fizikia akiambiwa atafute kasi, na kwenye kemia akifika kwenye hesabu za moli. Kwa hiyo masomo matatu uliyoyataja huenda ni tatizo moja linalotokea sehemu tatu. Ndiyo maana kuambiwa "ongeza bidii" hakumsaidii mtoto wa namna hii. Anakaa saa mbili na kitabu, haelewi, anafunga, na kesho ana ushahidi mwingine kwamba kusoma hakubadilishi kitu.

Sasa turudi kwenye "si sikusoma".

Mtoto aliyeitwa profesa tangu mdogo amejifunza kwamba akili ndiyo yeye. Akisoma kwa nguvu zake zote na bado akafeli, maana yake kwake ni moja tu: sina akili, walikosea, mimi siye. Asiposoma, akafeli, mlango unabaki wazi: ningesoma ningepata. Kutosoma ni ngao. Inamgharimu alama, lakini inalinda kitu anachokithamini kuliko alama, yaani heshima yake mwenyewe machoni pake. Kubukua usiku mmoja kabla ya mtihani kunafanya kazi hiyo hiyo. Akipata kidogo, muda haukutosha. Akipata kingi, ameonyesha akili.

Jambo hili lina jaribio maarufu. Mwaka 1978, Steven Berglas na Edward Jones waliwapa wanafunzi wa chuo maswali, baadhi yao maswali yasiyo na majibu kabisa, kisha wote wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya mtihani wa pili wakapewa kuchagua kati ya dawa mbili: moja waliambiwa inasaidia kufikiri, nyingine inavuruga. Miongoni mwa waliosifiwa kwa mafanikio wasiyojua wameyapataje, wanaume wengi walichagua inayovuruga. Walikuwa wakijitafutia sababu mapema. Angalia vizuri ni nani waliofanya hivyo: ni waliosifiwa bila kujua wangerudiaje ushindi ule. Hapo ndipo ninapomwona profesa wetu mdogo.

Miaka 20 baadaye Claudia Mueller na Carol Dweck waliwasifu watoto wa miaka kama 10 hadi 12 baada ya kazi nyepesi, kundi moja kwa akili, jingine kwa juhudi. Kisha wakawapa kazi ngumu iliyowashinda wote. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, wakafanya vibaya hata waliporudishiwa kazi nyepesi, na walipoombwa waandike alama zao kwa ajili ya mtoto wa shule nyingine, karibu 4 kati ya 10 walidanganya. Sisemi jina la utani ndilo lililomharibu mwanao, wala usianze kujilaumu. Tena sipendi jinsi wazo hili lilivyogeuzwa dawa ya kila kitu. Wanafunzi wapatao 12,000 wa Marekani walipopewa somo fupi la kuwaambia kwamba akili hukua, utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha waliokuwa na alama za chini walipanda, ila kwa kiasi kidogo. Kumwambia mtoto "unaweza" bila kumwonyesha pa kuanzia ni maneno tu.

Zawadi. Uliahidi kubwa, hakushtuka, na wewe ukaona hana haya. Mimi naona aliihesabu haraka kuliko wewe, akagundua kwamba alama unazotaka haziko mkononi mwake. Roland Fryer, mchumi, alijaribu kuwalipa wanafunzi pesa katika miji kadhaa ya Marekani. Kule New York na Chicago walilipwa kwa matokeo, na ufaulu haukusogea. Kule Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na uwezo wao wa kuelewa wanachosoma ukapanda. Kilichonigusa zaidi ni hiki: wale wa New York walipoulizwa wafanye nini ili walipwe zaidi, walitaja mambo kama kusoma swali kwa makini ndani ya chumba cha mtihani. Hawakutaja kusoma nyumbani wala kumwona mwalimu. Pesa waliitaka, ila njia ya kuifikia hawakuijua.

Kwa hiyo sikukatazi kutoa zawadi, kama wanavyofanya baadhi ya wenzangu. Ila itoe kwa kitu anachoweza kukifanya leo: maswali kumi ya aljebra yaliyofanywa na kusahihishwa, iwe ameyapata au ameyakosa. Na usiiguse kazi anayoipenda tayari. Edward Deci alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kutatua fumbo la kuunganisha vipande walitumia muda mdogo zaidi kwenye fumbo hilo malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa kabisa. Miaka miwili baadaye watoto wadogo walioahidiwa cheti kwa kuchora walipoteza hamu ya kuchora, wakachora karibu nusu ya muda wa wenzao. Kama mwanao anapenda kiswahili au jiografia kwa hiari yake, yaache hivyo hivyo.

Bweni. Namwelewa baba, na methali yake ni ya kweli kwa samaki. Lakini kijana wa miaka 15 yuko katika umri ambao mwili na akili vinadai kujiamulia. Deci na mwenzake Richard Ryan wamejenga nadharia nzima juu ya mahitaji matatu ambayo binadamu akiyapata hujituma mwenyewe: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu wanaomjali. Bweni linaweza kumpa ratiba, na wapo vijana ambao ratiba ndiyo waliyoikosa. Wa kwako amekosa msingi wa aljebra na amekosa imani, na akipelekwa kama adhabu atapoteza na la tatu, yaani nyumbani. Kama bweni litazungumzwa, lizungumzwe mwakani, yeye akiwa mezani, na kwa sababu nyingine.

Kuhusu dada yake, naomba uache kumtaja kwa miezi michache. Sina la kuongeza hapo.

Basi uanzie wapi? Anza na mazungumzo moja, na yawe mafupi. Yafanyie mahali ambapo hamtazamani ana kwa ana, mkitembea au mkifanya kazi ya mikono, maana vijana wengi husema zaidi hivyo. Usiulize "kwa nini husomi", swali hilo halina jibu ambalo halimdhalilishi. Uliza hivi: "Naona hisabati imekuwa ngumu. Ilianza kukuchanganya wapi?" Kisha nyamaza. Akisema "sijui", mwambie sawa, tutatafuta. Siku hiyo inatosha.

Hatua ya pili ni kutafuta kweli. Mwombe mwalimu wa hisabati, au mwanafunzi wa madarasa ya juu mwenye subira, ampe maswali ya kurudi nyuma: sehemu, namba hasi, milinganyo rahisi. Yanarudi nyuma mpaka pale anapoyapata yote bila kusita. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni chini ya darasa lake kwa miaka miwili. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea na tuisheni: wanamlipia mtoto arudiwe mada ile ile ya darasani, kwa sauti kubwa zaidi. Tuisheni inayoziba pengo la nyuma ina thamani, ya kurudia mada za leo mara nyingi ni uchovu juu ya uchovu. Ukianzia pale anapoweza, ndani ya wiki chache utaona kitu ambacho hotuba haiwezi kukileta. Wengi wetu tunadhani hamu huja kwanza, kisha kuweza. Kwa mtoto aliyevunjika moyo, kuweza ndiko hutangulia, na hamu ikafuata.

Mbadilishie pia namna ya kusoma, maana huenda hakuwahi kuihitaji. Wanaofaulu kwa wepesi utotoni husoma kwa kupitisha macho. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini. Kundi moja likaisoma mara mbili, jingine likaisoma mara moja kisha likafunga na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza kidogo. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Kwa hiyo dakika 25 za kufunga kitabu na kuandika anachokumbuka, au kufanya swali bila kutazama mfano, zinazidi jioni nzima ya kukodolea macho. Muda huo auchague yeye, na aanze na somo atakalo. Ni uamuzi mdogo lakini ni wake.

Je, na lile la kukitaka chenyewe? Kwa kijana, "usome upate maisha mazuri" ni jambo la miaka kumi mbele, na hesabu za kesho zinauma leo. Usihubiri umuhimu wa somo, mwache autafute mwenyewe. Chris Hulleman na Judith Harackiewicz waliwaomba wanafunzi wa sekondari waandike, kwa maneno yao, jinsi wanachojifunza kwenye sayansi kinavyogusa maisha yao. Waliokuwa na matumaini madogo ya kufaulu ndio walionufaika, kwa alama na kwa kupenda somo. Wako ana mlango wa wazi. Video imejaa hesabu: picha kwa sekunde, uwiano wa skrini, ukubwa wa faili, mawimbi ya sauti. Usimfundishe hayo. Mwombe akueleze wewe.

Jingine ni usingizi, na wengi hawalipi uzito. Katika balehe melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutoka kwa kuchelewa, hivyo usingizi wa kijana unasogea mbele kwa saa moja hadi mbili. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Anayelala saa saba usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri anaonekana mzembe darasani, kumbe amelala saa nne tu.

Sasa, maelezo yangu yote yanasimama juu ya barua moja, na naweza kuwa nimemkosea. Yapo mambo ambayo ushauri wa mbali hauyatoshi. Kama ameacha hata vitu alivyovipenda, amejitenga na marafiki, anakula au kulala tofauti sana, au ana huzuni au hasira isiyoisha kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Huenda ni sonona, na kwa vijana sonona mara nyingi huvaa sura ya hasira na "sijali". Akizungumzia kufa, kutamani asingekuwepo, au ukiona dalili za kujiumiza, usisubiri kesho wala usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Kama alishuka ghafla, chunguza kama anaonewa shuleni, au kama kuna jambo lililomtokea ambalo hajalisema. Macho na masikio yapimwe pia, ni rahisi na husahaulika. Na kama tangu mdogo alikuwa akichanganya herufi, akisoma polepole sana, au akishindwa kutulia hata kwenye mambo anayoyapenda, aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Akili nyingi huweza kulificha tatizo la namna hiyo mpaka masomo yanapokuwa magumu.

Ulimalizia na simu. Mrudishie, na usifanye biashara nayo. Wiki sita zimetosha kuonyesha kwamba kunyang'anya hakukuleta alama. Kulichofanya ni kuondoa mahali pekee alipokuwa bado anajiona fundi. Mwambie hivi, bila masharti ya mtihani: "Niliichukua nikidhani ndiyo tatizo. Sidhani tena." Sharti moja tu liwepo, la usingizi: saa ya kulala ikifika, simu inachajiwa sebuleni. Na yako, mama, ichajiwe hapo hapo pembeni ya yake.